Mikia Mitatu

Mteja wa kwanza asubuhi ile alitaka marehemu acheke. Aliniwekea picha mezani, mzee mmoja wa Buhare aliyepigwa picha ya kitambulisho akiwa amekunja uso, kama tunavyokunja wote mbele ya kamera za ofisini, akasema, "Dada, huyu baba alikuwaga mcheshi sana. Mtie tabasamu kidogo kwenye ratiba ya mazishi." Nikamtia. Nilinyanyua pembe za mdomo wa maiti kwa kompyuta, kushoto kidogo, kulia kidogo, mpaka mwanawe akaridhika na kuangua kilio palepale dukani. Hiyo ndiyo kazi yangu hapa mtaa wa Mukendo, Musoma, mwaka wa kumi na moja sasa: ratiba za mazishi, kadi za harusi, mabango ya saluni, fulana za kampeni. Watu huniita mbunifu. Mara ya mwisho kubuni kitu ilikuwa lini, wallahi sikumbuki, maana mteja huja na wazo lake kichwani, mimi namwazima mikono tu.

Ndiyo sababu nilikuwa na daftari.

Daftari lile hakuniagiza mtu. Hakuna aliyenipangia rangi, hakuna aliyenipigia simu kuuliza limefikia wapi. Kila Jumapili, miaka saba, nilifunga duka nikaenda kwenye mwalo mmoja, pwani ya ziwa inapotia nanga mitumbwi, huko rasini, kijiji cha wavuvi na wakulima, kuchora alama za mitumbwi yao. Pale kila mtumbwi una alama yake mbele, mbali na jina na namba za usajili. Huichagua mke wa mwenye mtumbwi, akaipaka kwa mkono wake kabla chombo hakijagusa maji. Nilikuta kitana chenye meno matano, nikakuta jembe lililolala, nikakuta titi. Akina mama walinicheka mwanzoni: mtoto wa Kiislamu wa mjini, mtandio umejaa mchanga, anapiga magoti mbele ya mbao zinazonuka dagaa. Baadaye wakaanza kunieleza alama zina maana gani, na mimi nikaandika kila neno. Nilikuwa na alama sitini na moja. Ukumbi mmoja Butiama, wanakopita wageni wanaozuru Mwitongo, kwenye kaburi la Baba wa Taifa, ulishanikubalia kuta mbili kwa mwezi mzima. Kwa mara ya kwanza maishani jina langu lingeandikwa chini ya kitu nilichokitaka mwenyewe. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na sita na nilikuwa nikilala na daftari lile chini ya mto, msinicheke.

Alama ya sitini na moja alinipa Bibi Benedikta, naye alinipa ya mwisho kwa sababu maalumu. Mumewe, Kasmiri, alizama miaka tisa iliyopita na mwili haukupatikana. Kwa desturi ya mwalo ule, mtu akimezwa na ziwa namna hiyo, alama yake haipakwi tena popote. Mjane huitunza kichwani hadi mjukuu atakapounda mtumbwi wake, ndipo aipake upya, na hapo ndipo watu husema marehemu amerudi nyumbani. Mjukuu, Gody, mwanamume wa miaka thelathini, alikuwa ameshanunua mbao.

Bibi aliyatandaza majivu ya jikoni kwa kiganja, akachora kwa kidole: mviringo usiofungwa, na ndani yake mistari mitatu mifupi imesimama.

"Hili ni boma," akasema. "Mlango nimeuachaga wazi. Na hawa ni watoto wangu watatu, wanamngoja baba yao kutoka ziwani."

Nilipomaliza kunakili, akayafuta majivu.

"Iweke mwisho kabisa wa daftari, mwanangu. Usimwonyeshe mtu mpaka Gody amalize mtumbwi. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Bibi."

Nilikuwa nimemsikia vizuri sana.

Sasa Benson. Benson ana hoteli ya samaki Bunda, kando ya barabara kuu, na magari manne ya barafu yanayozunguka mialo kukusanya samaki. Alitaka nembo. Nilimpelekea kumi na nne, akazikataa zote kumi na nne, na kila alipokataa hakuwa na sababu isipokuwa ile ya wateja wote: haijamgusa. Ya kumi na tano nilimpelekea mwenyewe mkononi, kwa sababu siku hiyo nilikuwa napitia Bunda kutoka kuagiza fremu za maonyesho, na daftari lilikuwa mkobani. Aliitazama nembo yangu kama mtu aliyepewa chai bila sukari. Akanyoosha mkono akalivuta daftari lililokuwa limechungulia mkobani, akalifungua kwa nyuma.

"Hii!" akasema. "Dada Yasmin, kumbe unajua kuchora! Kwa nini ulikuwa unanificha?"

Nilitakiwa kulinyakua daftari. Mkono wangu ulikuwa mezani, na daftari halikuwa mbali. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mkono ule haukwenda, na jibu ni moja: nilifurahi. Miaka kumi na moja nilikuwa nikiwapa wateja wanachotaka, na leo mteja alikuwa anapenda ninachopenda mimi.

"Umeichora wewe?" akauliza.

"Ndiyo," nikasema.

Neno moja tu, jamani.

"Sahani na samaki watatu!" Benson alikuwa amesimama, anacheka. "Rahisi kabisa, mtoto anaielewa. Waongezee mikia tu, mtu asije akadhani ni vijiti."

Nilimwambia bado haijakamilika. Akasema anaipenda hivyohivyo, na mikia. Nilirudi Musoma nikiwa nimejipa kila aina ya sababu: Bunda ni mbali na mwalo, hoteli ni hoteli, mikia itaibadilisha mpaka isitambulike. Nikakaa mbele ya kompyuta nikawatia watoto wa Bibi Benedikta mikia, mmoja baada ya mwingine, na kwa ustadi, maana katika hilo sina mpinzani. Magari ya barafu sikuyawaza hata kidogo.

Wiki tatu baadaye Gody alinipigia simu. Hakusalimia.

"Dada, alama ya babu iko kwenye gari la samaki. Imekuja mpaka hapa mwaloni. Ina mikia."

Nikamuuliza Bibi yuko wapi.

"Yuko hapa. Alikuwa amebeba beseni la sato kwenda kuuza. Amekaa chini."

Kesho yake nikaenda Bunda roho mkononi. Benson alinipokea kwa heshima zote, akaniagizia soda, akanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Simchukii, nasema kweli. Ingekuwa nafuu kumchukia.

"Ulisema umeichora wewe," akasema.

"Nilidanganya."

"Basi ulinidanganya mimi, Dada. Magari manne yamepakwa, sahani zimekuja, sare wameshavaa. Huyo bibi nampa pole kwa moyo wote." Akachukua sahani moja mpya mezani, akanigeuzia niione. "Ila tusemezane ukweli. Yake ina mikia?"

"Haina."

"Sasa hii si yake. Hii uliitengeneza wewe."

Alikuwa sahihi. Kazi pekee niliyowahi kubuni kwa mikono yangu mwenyewe, ikatoka nje na kutembea duniani ikapendwa, ilikuwa ile mikia mitatu.

Wenye mitumbwi walikaa kikao. Hawakunitukana, Gody alinisomea uamuzi wao kwenye simu kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba: kila mmoja anataka ukurasa wake. Nikaenda na daftari, nikachana kurasa mbele yao moja moja nikamkabidhi kila mama wa kwake. Yule wa kitana aliukunja akautia kifuani. Mwingine aliuchoma hapohapo kwa kibiriti. Hakuna aliyeniambia karibu tena. Nilipowapigia wa Butiama kuwaeleza kwamba maonyesho hayapo, walisema hakuna shida, kuna watu wa mbegu bora walikuwa wanazitaka zile kuta.

Bibi Benedikta hakuwapo siku ile ya kurasa. Wa kwake nilibaki nao, nikawa siwezi kuutazama wala kuutupa.

Alikuja mwenyewe, Jumatano, mchana. Nilikuwa napanga kadi za kipaimara nikaona kivuli mlangoni. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na viatu vya kufunika. Nikaruka kutoka kwenye kiti.

"Shikamoo, Bibi. Karibu, pita huku nyuma."

Zamani alipokuja mjini alipitaga nyuma, kwenye mkeka, akala kwangu, akalala kidogo.

"Marahaba. Wateja wanakaaga wapi?"

Nikamwonyesha kiti cha plastiki mbele ya meza. Akakaa, akaweka mkoba mapajani.

"Bibi, nisamehe," nikasema. "Sina hata pa kuanzia. Nimekukosea. Aibu imenivaa mpaka—"

"Mtumbwi wa Gody umekwisha," akanikata. "Unaingia majini Jumamosi. Hauna alama."

"Paka ya babu, Bibi! Ni yako. Ile ya gari ina mikia, watu wanaelewa..."

"Nimejaribu. Nilichukua rangi nikaenda. Watoto wa pale mwaloni wakaanza kushangilia, 'Hoteli! Hoteli!' Hawana kosa, ndivyo wanavyoijua." Akatazama mikono yake. "Na mimi mwenyewe nikifumba macho siwaoni tena watoto. Naona samaki. Kwa hiyo nimekuja unichoree nyingine."

"Alama huichagua mama mwenyewe. Ulinifundisha wewe."

"Mimi nilishachagua, mwanangu. Nilichagua mara moja, nikiwa bado mama kijana. Sina nyingine." Akafungua mkoba, akatoa noti, akaziweka mezani bila kuzihesabu. "Wewe si ndiyo kazi yako? Chora."

Nilimsihi azirudishe. Hakuzigusa. Basi nikavuta karatasi, nikachukua penseli, na kwa mazoea ya miaka kumi na moja mdomo wangu ukamuuliza swali ninalomuuliza kila mteja: angependa iwe na nini?

Bibi Benedikta alifikiri kwa uaminifu kabisa, kama mteja mzuri.

"Kitu ambacho mtu hawezi kukipenda," akasema.

Nilianza mstari, nikaufuta. Nilianza mwingine. Yeye alinisubiri, mgongo umenyooka, hadi muda wake wa kurudi ukafika. Akasimama, akaniaga vizuri, akaenda. Karatasi ilikuwa na uchafu wa kifutio tu.

Jumamosi Gody aliushusha mtumbwi ukiwa ubao mtupu. Bado anavua nao hivyohivyo, na sato wake humuuzia Benson kila asubuhi, kwa kuwa ndilo gari pekee linalofika pale na barafu.