Mabeberu Wasiopanda

Zizi la Kaltum halikunuka. Hilo ndilo lililomsimamisha asubuhi ile kule Gasenyi, ndoo ya pumba mkononi, kabla hajajua kwa nini amesimama. Anayefuga mbuzi anaijua harufu ya beberu aliyebalehe: inashika nguo, inashika nywele, na ukipanda teksi mwenzako anashusha kioo. Mabeberu wake wanne walikuwa wametimiza miezi tisa, na banda lao lilitoa harufu ya majani makavu tu.

Upande wa pili wa uzio, mbuzi jike wawili walikuwa wakilia na kutikisa mikia tangu alfajiri, wanataka dume. Kaltum akawafungulia. Wale wanne waliinua vichwa, wakawaangalia kidogo, wakaendelea kutafuna.

Alikuwa na miaka arobaini na minane. Ukoo wao, watu wa asili ya Omani, waliuza vitambaa mjini Bujumbura tangu enzi za babu yake, na hakuna aliyedhani binti wa dukani angeishia na mbuzi. Alipofiwa na mume alichukua kiwanja chao cha Gasenyi, akajenga banda, akaanza na majike watatu. Kaka yake Nasser, aliyerithi duka, alicheka mwaka mzima. Baadaye akawa anamletea wateja mwenyewe kila Idi ya kuchinja ilipokaribia, na watu wakazoea kusema kwamba mbuzi wa Kaltum hana kasoro.

Gélase, daktari wa mifugo, alifika kwa baiskeli kwa sababu petroli ilikuwa haionekani wiki ya tatu hiyo. Aliwapapasa mabeberu mmoja mmoja, akawarudia tena tangu wa kwanza. Korodani zao zilikuwa ndogo kama za kitoto anayenyonya bado, na kwa wawili kati yao, moja haikuwa imeshuka kabisa. Aliuliza kama wazazi wao ni ndugu kwa ndugu. Kaltum akamwambia baba yao ni yule yule aliyezaa mabeberu wa mwaka uliotangulia, na wale walikuwa wakivunja uzio. Baba mwenyewe alikuwa pale pale, ananuka vilivyo, anagonga mlango kwa pembe. Wote walikula chakula kimoja na kunywa maji mamoja.

"Basi kuna kitu kiliwapata wakiwa wadogo," Gélase alisema. "Kitu chenye mukubwa anaweza kukivumilia, lakini mutoto apana."

Akawatoa damu, akaipeleka kwenye maabara, na kwa siku nane Kaltum hakuwa na raha. Alifagia banda mara mbili kwa siku. Alifungua magunia ya pumba akayanusa, akayafunga, akayafungua tena. Chai ilimpoa mkononi. Wakati wa swala akili ilimtoka ikarudi zizini, akalazimika kuanza upya rakaa ambazo hakujua amezisali ngapi.

Siku ya sita, jua likiwa kali, aliinama juu ya pipa la maji ya mbuzi ili achote, akapata harufu nyembamba ya dawa, kama ile inayobaki kwenye nyanya zisizooshwa. Aliinuka. Akainama tena. Pipa lilikuwa la plastiki ya buluu, moja kati ya mawili aliyoyaweka pale. Siku yalipofika alikuwa ameisikia harufu hiyo hiyo, akayasugua kwa sabuni na majivu, akajiambia imekwisha.

Gélase aliporudi na majibu, karatasi ilisema homoni ya kiume katika damu ya wale wanne ilikuwa karibu haipo kabisa. Kaltum akamwonyesha pipa, naye akalizunguka akilikagua. Pale lebo ilipobanduliwa palikuwa pamebaki kipande chenye picha ya jani. Akamweleza Kaltum, polepole, kwamba mwili wa mnyama unajengwa kwa ujumbe unaopita ndani ya damu, kuanzia tumboni mwa mama: huu unaiambia korodani ishuke, ule unaiambia ikue. Kuna dawa za mashambani ambazo, hata zikiwa kidogo sana ndani ya maji, hukaa mahali pa ujumbe huo, nao ukashindwa kufika. Beberu mkubwa ameshajengwa. Kitoto ana wiki chache tu za kuusikia, na zikipita hazirudi. Alisema hawezi kuapa kwamba ni pipa, mpaka maji yenyewe yapimwe, na hilo lingechukua miezi kwa sababu chupa aliyoijaza ingepelekwa nje ya nchi.

Kaltum alimwuliza kama inakuwa hivyo hivyo kwa binadamu.

Gélase alifunga mkoba wake. "Mi ni dokta wa mbuzi, mama," alisema. "Lakini maji hayo usinywe, na usimupatie mutu."

Hapo ndipo Kaltum alipoanza kuyahesabu yale mengine. Mapipa yalikuwa kumi na moja. Mwaka uliopita, mabomba yalipokuwa yakikauka siku nne tano mfululizo, Nasser aliyapata bure kutoka kwa mfanyabiashara mwenzake aliyekuwa akifunga ghala, na ni Kaltum aliyemwomba ayagawe. Mawili alibaki nayo. Manne aliyapeleka kwa majirani wa Gasenyi. Manne mengine yalikwenda Gatumba, kwa watu ambao mafuriko yalikuwa yamewafukuza majumbani. Na moja, lile zuri kuliko yote, alilipeleka mwenyewe Kinindo kwa Rania, binti wa Nasser, ambaye siku hizo alikuwa na mimba ya miezi mitatu.

Kwa majirani alipita kote siku hiyo hiyo. Hawakuuliza mengi, walimwaga maji na kumwachia mapipa mlangoni. Kutoka hapo akashuka mjini kwa miguu, jua la saa nane kichwani, moja kwa moja hadi dukani.

Nasser alimsikiliza akiwa amesimama, mkono juu ya jora la kitenge. Kaltum alipomaliza, Nasser alimwambia kwamba mbuzi wanaweza kuharibika kwa mambo elfu, na kwamba mwenye ghala alikuwa mtu waliyefanya naye kazi tangu baba yao yu hai. Asubiri karatasi ya maji. Kaltum alisema karatasi ingechukua miezi. Nasser akatazama mlangoni kwanza, kisha akashusha sauti.

"Rania ananyonyesha," alisema. "Maziwa yake yatakatika kwa hofu. Na hofu yenyewe ni ya nini? Ya mbuzi. Mi nakukataza, Kaltum. Kwa binti yangu usiende."

Kaltum alitoka bila kuaga. Alitembea mpaka Kinindo, akapita kwenye kuta zenye maua na magari ya mashirika yaliyoegeshwa bila mafuta, akafika kwenye geti la Rania. Mlinzi alimsalimu, akasogea kumfungulia. Kaltum akamwambia apana, anapita tu. Alizunguka mtaa mzima, akarudi hadi kona, akaliona geti tena, akageuka. Njia nzima ya kurudi Gasenyi alijipa sababu: kwamba Nasser ni mkubwa wake, kwamba siku moja haitaongeza kitu, kwamba labda Gélase amekosea. Hakuna hata moja iliyomtuliza. Nyumbani alijikuta hawezi kukaa kitini.

Asubuhi alikuwa kwenye geti lile kabla mkate haujafika mtaani. Rania alikuwa uani, anamwogesha mtoto kwenye beseni. Mtoto aliitwa Adil, alikuwa na miezi sita, na alipiga maji kwa viganja vyote viwili. Pipa la buluu lilisimama nyuma yao, limefunikwa vizuri kwa kifuniko cha mbao.

"Mutoe kwenye maji," Kaltum alisema.

Alimweleza yote, tangu banda lisilonuka hadi kipande cha lebo. Hakuficha kwamba Gélase hana uhakika, wala kwamba Nasser amemkataza. Rania alimfunga mtoto kwenye taulo akamsikiliza hadi mwisho. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na uso wake haukuonyesha kitu.

"Umejua toka lini, shangazi?"

"Jana asubuhi."

"Na jana ulifika hapa. Mulinzi aliniambia ulifika, ukarudi." Alimhamishia mtoto bega la pili. "Jana jioni nilimwogesha na maji haya. Nilimupikia na uji."

Rania aliita teksi tatu kabla ya kupata yenye mafuta, akaenda na mtoto kwa daktari wa watoto, na hakumwambia shangazi yake apande. Kaltum alibaki uani. Alilisukuma pipa mpaka likaanguka, maji yakaenda na mtaro, kisha akaomba shoka kwa mlinzi akalipasua. Kazi hiyo ilimchukua muda, maana plastiki ilikuwa nzito.

Saa sita Rania alipiga simu. Daktari alimpima mtoto, akaona korodani zote mbili zimeshuka na ukubwa wake ni wa kawaida. Alichukua damu. Alisema kwa sasa haoni shida, lakini hawezi kuahidi, kwa hiyo aletwe kila baada ya miezi sita, na wakati wa kuangalia zaidi utakuwa atakapofika miaka kumi na miwili, kumi na mitatu. Rania aliyasema haya kwa sauti ya kusoma, akakata simu.

Yalibaki ya Gatumba. Kaltum alikwenda kesho yake, nusu ya njia kwa baiskeli ya kulipia, nusu kwa miguu kwenye ukingo wa barabara ambapo matope ya mafuriko yalikuwa yamekauka yakapasuka. Kwenye kivuli cha turubai alimkuta Amandine, mama aliyekuwa akisimamia wanawake wa mahema. Amandine alimkumbuka mara moja. Mapipa matatu yalikuwa pale, yamezungukwa na mabido, madumu ya maji, ya watu waliopanga foleni, na mbele ya foleni walisimama wajawazito wawili.

Amandine alimsikiliza, kisha akamwuliza swali ambalo Kaltum hakuwa amejiandaa nalo. "Siku uliyaleta, mulipiga picha. Leo unataka kuyabeba. Na maji tutaweka wapi, mama? Kwenye mikono?"

Pipa la nne, Amandine alisema, halikuwapo tena. Mwanamke mmoja aliyekuwa akivuka mpaka na samaki alilichukua akaenda nalo Uvira, na tangu mto ulipojaa mara ya pili hajaonekana.

Kaltum alikaa chini kwenye ukingo wa barabara. Alikuwa na simu mkononi na hakujua ampigie nani, kwa sababu mtu pekee mwenye gari na mafuta alikuwa kaka yake. Alimpigia. Nasser hakupokea. Akapiga tena, na tena, mara saba, huku Amandine akimtazama. Mara ya nane ikajibu sauti nyingine, ya mfanyakazi wa dukani, ikamwambia bosi ameisahau simu, ametoka saa moja iliyopita, amepakia mapipa mapya, na binti yake amekaa naye mbele.

Walifika alasiri. Rania alikuwa amempigia baba yake usiku uliopita, na waliyoambiana Kaltum hakuwahi kuyajua. Nasser alishuka, akasalimia wanawake, akaanza kushusha mapipa meupe yaliyokuwa bado na karatasi za dukani. Hakumtazama dada yake. Ila lile la buluu la kwanza alilipasua mwenyewe, koti la heshima likiwa limetundikwa kwenye kioo cha gari, na alipomaliza alishika kiuno akasema wamlete la pili. Asubuhi, alimwambia Amandine na si Kaltum, alimpigia simu mwenye ghala, na huyo ameanza kutafuta watu wengine aliowapa mapipa.

Karatasi ya maji ilirudi baada ya miezi minne. Ilitaja dawa ya kuua ukungu kwenye mboga, kiasi kidogo sana, na maneno ya mwisho yalisema kwamba haiwezi kuthibitishwa kuwa ndiyo chanzo. Wakati huo vitoto vya msimu mpya, waliozaliwa baada ya mapipa kuondolewa, walikuwa wanakua vizuri, na madume wao walishaanza kupandana kwa mchezo. Wale wanne Kaltum hakuwauza kwa Idi. Wateja waliwasifu kwa unene, akawaambia hawa wana kasoro, akawaonyesha wengine. Gélase aliwachukua ili awafuatilie na kuandika anachokiona.

Ijumaa moja moja Kaltum alikwenda Gatumba, akasimama mpakani na kuwauliza wauza samaki wa Uvira kama wanamjua mwanamke mwenye pipa la buluu. Wengine walisema mapipa ya buluu yamejaa kule. Wengine walimwuliza lina nini ndani. Alipowaeleza, baadhi waliahidi kuangalia majumbani mwao, na yeye akaandika majina yao kwenye daftari.

Rania hakumpigia kwa muda mrefu. Walionana kwenye harusi na kwenye msiba, wakasalimiana. Kisha asubuhi moja alisimama kwenye lango la Gasenyi, Adil mgongoni, mwenyewe amevaa viatu vya safari.

"Leo ni tarehe ya dokta," alisema. "Twende wote."

Walikaa kwenye benchi la kliniki kwa saa mbili. Mtoto alitembea kutoka goti la mama hadi goti la Kaltum na kurudi, akishika ukuta. Daktari alimpima, akasema yuko sawa, akawapa tarehe nyingine. Nje, Rania alifungua mkoba akatoa kalamu.

"Andika na we," alisema. "Mi naweza kusahau."

Kaltum alitafuta karatasi, akakosa, akaandika tarehe kwenye kiganja chake.