Mlango wa Nyuma ya Banda la Mbuzi

Nyumba ya Kheiria haikupata kujaa vile tangu siku ya harusi yake. Mwaka ule wa tisini na nane, watu wa mtaa wa Bustan walikuwa na la kusema, na mtu akija kulisema anakuja na watoto. Viatu vimefurika mlangoni, dele la kahawa limejazwa mara ya tatu, na halua imebaki mabakimabaki pembeni mwa sahani.

Eti wamekuja kutoa pole. Juzi mchana iliwaka nyumba ya Mahbuba mshonaji, mtalaka wake Harub. Na Harub, ambaye sasa ndiye mume wa Kheiria, ni mmoja wa wanaume wa mtaani wanaojitolea kuzima moto kwa pikapu na pampu yao, maana gari za zimamoto zikitoka mjini lazima kwanza ziuvuke mlima. Pikapu ilipopiga honi aliacha wali sahanini, kama kawaida yake, akaenda kumtoa Mahbuba amembeba mikononi, kichwa wazi, mbele ya kadamnasi.

Hilo lingesameheka. Nani atafute mtandio huku anaungua? Kilichowakaa watu kooni ni mlango.

"Hebu nifahamisheni," alisema Bi Masouda, shangazi yake Kheiria, aliyekuja asubuhi kutoka Wattaya na kukamata mto mkubwa kuliko yote. "Harub kamwacha yule miaka mitatu sasa. Mlango wa uani umetobolewa mwaka jana tu, nyuma ya banda la mbuzi, hauonekani njiani. Wenzake wanahangaika na mlango wa mbele unaowaka, yeye huyo, moja kwa moja nyuma. Kaujuaje?"

"Labda kaota," alisema jirani mmoja, na wanawake wakachekea ndani ya mitandio.

"Mume kila honi ikilia anatoka, mke hajui anakwenda wapi," aliendelea Bi Masouda. " Kusanya nguo zako, mwanangu. Twende nyumbani."

Kheiria alitupa jicho nje, barazani, alipokaa Harub na kaka yake. Nyusi zimeungua, macho yamo kikombeni. Kila neno analisikia, na jibu analo. Tangu juzi kalimeza. Miaka miwili Kheiria amemnunia mtu huyu kwa wali uliopoa, kwa kanzu zinazonuka moshi, kwa wageni aliomwachia peke yake. Leo alijua anamnyamazia nani.

"Mimi ndiye niliyemwambia," alisema.

Wanawake wote wakamgeukia.

"Alikuwa anavaa mabuti. Nikamwambia, pita nyuma ya banda la mbuzi, kuna mlango. Akanikodolea macho kama nyinyi hivi."

"Na wewe umeujulia wapi?"

"Ndio nnaopitia. Wa mbele si mngeniona? Hii kanzu unayoisifu tangu ulipoingia, shangazi, umedhani kashona nani?"

Bi Masouda aliweka kikombe chini. "Sisi tumemnunia mwanamke yule kwa ajili yako. Harusi ya binamu yako Shurooq sikumpa hata mkono. Kumbe wewe unakwenda kunywa chai?"

"Nnakunywa. Na kucheka tunacheka. Sikumtuma mtu kununa."

"Basi ukae na mzima moto wako. Utakuja kulia."

"Nitakaa naye. Wangu akitoka, Bustan nzima inajua yuko wapi. Nani humu anaweza kusema hivyo juu ya wake?"

Kheiria akapaza sauti kuelekea barazani. "Harub, kuanzia leo utalala kwa kaka yako. Mahbuba hana paa, nnamchukua nikae naye hapa mpaka apate."

Harub aliinua uso. Akanyanyuka. "Nitamletea godoro," alisema.

Bi Masouda naye alinyanyuka, akavaa kiatu kimoja, akageuka kuwangoja wenzake. Hakuna aliyejitikisa. Mahbuba anakuja, mwenyewe, humu ndani. Nani aondoke saa kama ile?

"Sogeeni basi," alisema Kheiria, "mgeni apate pa kukaa."

Wakasogea. Bi Masouda alisimama kidogo, akalalamika kuwa goti linamuuma, akakaa.