Futi Iliyoganda Hewani

Fundi cherehani alipoiona picha ile kwenye televisheni, miguu ilimganda juu ya kanyagio, sindano ikabaki imeng'ata kitambaa.

Mjukuu wake, aliyemlea tangu ana miaka mitatu na kumwita Kijiti kwa wembamba wake, alikuwa anamaliza chuo cha uchoraji. Asubuhi hiyo alimtumia bibi yake kazi ya mwisho kupitia kisanduku cha kuchezea video kilichokaa chini ya televisheni, na kwenye simu akamwandikia: "Bibi, humu nimekuchora wewe. Mwisho wa kupokea kazi ni saa nane mchana. Ukikubali, naipeleka. Ukikataa, napeleka nyingine, hata kama ni dhaifu."

Bibi akaifungua. Akajiona mwenyewe, futi ya mbao ameiinua juu hewani, na chini yake mtoto mwembamba amefumba macho, mabega yamempanda hadi masikioni.

Kilichomchoma ni kwamba jambo lenyewe lilikuwa la kweli. Mara moja tu, Kijiti akiwa na miaka sita, alikata sketi ya mteja amshonee mwanasesere wake, Bibi akamchapa kwa futi ile ile. Usiku huo alimwomba Mungu msamaha. Mtoto hakumwomba. Wanasema mtenda husahau, mtendwa hasahau. Lakini huyu mtenda naye hakuwa amesahau.

Mwanawe akatokeza kutoka chumba cha uani, anakofanyia kazi. Yeye na wenzake wawili ndio waliotengeneza programu iliyomo ndani ya visanduku vile.

"Mama, mbona cherehani kimya? Umeme umekatika?"

"Cherehani yangu inakula miguu, haili umeme. Tazama mpwa wako alivyonianika."

Akatazama. "Umebonyeza pa kuchezesha?"

"Nimebonyeza mpaka kidole kimekufa ganzi. Picha ni picha, icheze ngoma gani?"

Mwanawe akasoma herufi zilizo chini ya kioo, akajipiga kofi la paji la uso. "Mama, hii si picha moja. Ni picha mia na kitu, zimekunjwa pamoja. Ni aina mpya wanayotumia mtandaoni. Kisanduku kimefunua ya kwanza, kikadhani mambo yamekwisha."

"Na mjinga gani alikitengeneza?"

Akajikuna shingo. "Mimi. Lakini kwenye kompyuta yangu inacheza, ngoja nikuletee."

"Kioo kile kidogo na macho yangu haya? Kisha mteja akinirudishia gauni lenye mshono mbovu, mimi humwambia akavae la jirani?"

"Hapana, Mama."

"Basi fumua, ushone upya. Wala usinihadithie kilichomo."

Ilikuwa saa tano na nusu. Mwanawe akaleta kompyuta juu ya meza ya kukatia, akasogeza vitambaa. Kwanza akajaribu njia ya mkato: akabadilisha jina la faili ili lifanane na la video za kawaida. Kisanduku kikaandika kwamba hakielewi kitu, na hata ile picha moja ikatoweka. Akampigia mwenzake, yule wanayemwita Profesa, akamweleza.

"Umemvisha mbuzi koti ukitegemea awe wakili!" sauti ikacheka simuni. "Kaka, kiongezee kisanduku kipande cha kuisoma aina hiyo. Hakuna uchawi."

Bibi, pamoja na uchungu wake, akacheka mpaka akajifuta macho. Kisha akarudi kwenye vifungo vya mashati ya shule, huku jicho moja liko ukutani kwenye saa. Akavishona, akavifumua. Viwili alikuwa amevishona juu ya mfuko, pasipo na tundu.

Saa saba picha ikacheza, ila kwa mbio. Bibi wa kwenye televisheni akarukaruka chumbani kama kuku aliyemwagiwa maji.

"Huyo ni mimi au nimepandwa na siafu?"

"Kila picha ina muda wake wa kukaa, Mama. Niliupuuza." Akarekebisha, vidole vikikimbia. "Haya. Sasa."

Futi iliyokuwa hewani ikashuka, taratibu, ikatua juu ya kichwa cha mtoto, sambamba na sakafu. Mkono wa bibi ukachora ukutani alama ya chaki. Mtoto akafumbua macho, akageuka kutazama amekua kiasi gani. Futi ikapanda tena, ikashuka. Alama ya pili, ya tatu, na mtoto anarefuka, mpaka bibi akalazimika kupanda kigoda. Mwisho mtoto, sasa msichana mkubwa, akaichukua futi, akamsimamisha bibi ukutani, akampima. Bibi alikuwa amepungua vidole viwili. Wote wawili wakacheka bila sauti.

Fundi akasogeza kiti karibu na televisheni. "Rudia," akasema. Ikarudiwa. Kisha akapiga simu.

"Kijiti."

"Bibi! Nilishakata tamaa. Umekasirika?"

"Nilikasirika kwa sababu ya ujinga wa mjomba wako, nitakueleza. Kwanza nina neno. Siku ile ya sketi, nilikuchapa. Sikukuomba radhi. Nisamehe, mjukuu wangu."

"Nakumbuka, Bibi. Iliuma. Nilikusamehe zamani, ila nimefurahi kuisikia. Hiyo sikuichora, maana ilikuwa moja. Za kupimwa zilikuwa nyingi."

Mwanawe akajifanya anatafuta sindano sakafuni.

"Basi umekubali?" Kijiti akauliza.

"Nimekubali. Lakini lile gauni ulilonichorea, pindo la nyuma limelegea."

"Bibi! Imebaki nusu saa!"

"Watu watasema fundi gani huyu. Kaza pindo hilo, ndipo upeleke."

"Kwenye picha mia na kitu?"

"Ndiyo, zote," akasema Bibi, mguu ukirudi kwenye kanyagio. "Na usiruke hata moja, mjomba wako sasa anaziona zote."