Barua Iliyokwenda kwa Watu Mia Nne

Kiharusi kilimwachia Mzee Bikoni neno moja tu, na neno lenyewe lilikuwa "hapo". Ukimwuliza kama amekunywa dawa, hapo. Ukimwuliza kama mto umekaa vizuri, hapo. Jirani akija kumjulia hali, naye anajibiwa hapo, anaondoka akijiuliza kama amekaribishwa au amefukuzwa. Lakini aliyewahi kufanya kazi naye asingeshangaa. Kwa miaka thelathini na minane mzee alikuwa mpima ardhi, jicho moja limebanwa kwenye darubini ya miguu mitatu, na kule mbali msaidizi ameshika fimbo, anaisogeza kushoto, anaisogeza kulia, mpaka mzee apaze sauti: "Hapo!" Basi hapo ndipo lilipochimbiwa jiwe la mpaka, lile ambalo wapima huliita bikoni, na ndilo lililompa jina.

Binti yake alikuwa fundi cherehani. Mama alikwisha kufariki, na mtoto mwingine hakuwapo, kwa hiyo wiki ile ile ya kiharusi alihamia kwa baba na mkoba mmoja wa nguo, cherehani yake, na sare arobaini za shule zisizo na kola. Cherehani akaiweka dirishani katika chumba cha kazi cha mzee, maana ndicho chenye mwanga. Chumba kimoja, mafundi wawili wa kupima: mmoja wa mashamba, mwingine wa viuno.

Mambo yaliharibika Jumatatu. Mtaalamu wa kliniki, yule wa kuwafundisha wagonjwa kuongea upya, alipiga simu kuuliza mbona mzee hakutokea.

"Tulimtumia barua pepe mbili, dada. Zote zimerudi. Kisanduku chake kimejaa."

Nafasi nyingine ilikuwa baada ya wiki sita. Wiki sita nzima! Na daktari alikwisha kuonya kwamba miezi ya mwanzo ndiyo ya kurudisha maneno. Ikishapita, kila neno ni la kuchimbwa kwa sururu. Binti aliweka simu chini, akafungua kompyuta ya baba yake, akakuta barua elfu tatu na ushee hazijafunguliwa. Karibu zote zilitoka mahali pamoja, kwenye orodha za majadiliano za Chama cha Wapima.

Orodha hizo zilikuwa nne: ya sheria za ardhi, ya vifaa, ya mitihani, na ile kubwa kuliko zote, iliyoitwa Ukumbi, ya wanachama mia nne na kumi na wawili. Mwanachama anaandika barua moja kwa anwani ya Ukumbi, nayo inamfikia kila mtu. Mmoja akiuliza swali, kumi wanajibu, na wengine ishirini wanawajibu wale kumi. Ndivyo kisanduku kinavyofurika kama pipa chini ya mfereji uliosahauliwa.

Binti aliwajua watu hao bila kuwahi kumwona hata mmoja. Tangu akiwa msichana wa shule alikuwa akisimama mlangoni na daftari lake, na baba anamwambia bila kugeuka, "Ngoja kidogo, mwanangu, kuna mtu amekwama huku." Kidogo ya Mzee Bikoni ilikuwa saa nzima. Watu mia nne walikuwa na busara za baba yake, yeye alikuwa na kisogo chake. Tusimwonee kusema alikuwa na wivu, ingawa wivu ulikuwapo, tena mwingi. Alichokitaka si kikubwa. Alitaka siku moja baba amgeukie, ampe neno ambalo ni lake peke yake. Sasa baba amegeuka kweli, lakini neno limebaki moja, tena lile la wasaidizi wa shambani.

Alifuta mia chache za zamani ili kisanduku kipumue. "Nawatoa wote," aliiambia kompyuta. "Wapumzike, na sisi tupumzike."

Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Mzee alijiunga na orodha hizo kwa dakika tano. Kutoka kulimchukua binti asubuhi yote. Orodha ya sheria ilikuwa na kiungo cha kutokea chini kabisa ya kila barua. Alikibofya, ikaja barua ya kumtaka athibitishe, akathibitisha, akatoka. Ya vifaa vivyo hivyo. Ya mitihani ilimwuliza sababu ya kuondoka, naye akaandika "uchovu". Alipofika Ukumbi, kiungo kilidai neno la siri. Alijaribu jina la mama, halikukubaliwa. Alijaribu tarehe ya harusi, halikukubaliwa. Alijaribu "hapo", kwa hasira tu, halikukubaliwa.

Basi akafanya lile ambalo watu wa orodha hizi hulifanya wakichoka. Alichukua anwani iliyokuwa juu ya barua, akaandika: "Naomba mniondoe. Sina haja tena na barua zenu." Kompyuta yenyewe ikaongeza chini jina la baba, cheo chake, namba ya simu, na msemo wake wa siku zote, Pima mara mbili. Akabofya tuma, akarudi kwenye kola zake.

Ile haikuwa anwani ya msimamizi. Ilikuwa anwani ya Ukumbi.

Hakumaliza kola ya pili. Kompyuta ililia ting. Ikalia tena. Halafu ikawa ting, ting, ting, hata akadhani imeharibika. Wa kwanza alikuwa mkali: "Kujitoa hakuandikwi kwa watu wote! Someni maelekezo!" Wa pili: "Mpima mzima, kiungo cha kutokea kinamshinda?" Wa tatu naye akaona ndipo penye mlango: "Na mimi niondoeni." Wa nne na wa tano wakafuata, kisha akaja mmoja kuwakaripia wote kwa barua ndefu iliyowafikia wote. Halafu zikaanza kuingia nyingine, fupi, na hizo ndizo zilizomchoma. "Mzee Bikoni, tumekukosea nini?" "Mzee, hata salamu?" "Wewe ndiwe uliyenishika mkono. Leo huna haja nasi?"

Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini kwa wapima, ardhi haipasuki bila kibali. Maji yakimwagika hayazoleki. Alikuwa bado ameduwaa pale aliposikia fimbo ya kutembelea ikigonga sakafu nyuma yake.

Mzee alikuja polepole, mguu wa kulia ukiburutwa. Zile ting zilimwita kutoka kitandani. Aliinama kwenye kioo cha kompyuta, akasoma. Kusoma alisoma, ilikuwa ulimi na mkono wa kulia ndivyo vilivyomgomea. Alisoma barua iliyobeba jina lake, kisha akasoma tena, maana yeye ni mtu wa mara mbili. Akamtazama binti yake. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na afadhali ingekuwapo.

"Hapo," alisema kwa sauti ndogo.

Akarudi chumbani kwake, akalala ameelekea ukutani. Uji wa mchana hakuugusa. Binti alisimama mlangoni na bakuli, anatazama kisogo kile kile cha utotoni, na safari hii alijua kwamba amekitafuta mwenyewe.

Alasiri simu ilipigwa. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya utulivu, msimamizi wa orodha za Chama, aliyepata namba chini ya barua za mzee.

"Samahani, naomba kuongea na Mzee Bikoni. Nimepokea ombi lake, lakini simwondoi mtu kwa barua kama ile. Sijui, haikuwa na sauti yake."

Binti alijaribu kueleza vizuri, akashindwa, machozi yakamtangulia. Akasema yote: kiharusi, neno moja, kliniki, kisanduku, neno la siri. Akasema hata la wivu, ambalo hakuwahi kulisema kwa mtu.

"Pole sana, dada. Hatukujua kama anaumwa. Tulidhani amesafiri. Sasa nisikilize. Kutoka si lazima. Ninaweza kumpangia apate kifurushi kimoja tu kila alasiri, barua zote za siku zimefungwa pamoja, kisanduku kisijae tena. Au atoke. Lakini aamue mwenyewe. Nimemtumia barua ya kuthibitisha: akiijibu, anatoka. Akiiacha siku tatu, anabaki."

"Na wale waliokasirika?"

Msimamizi alicheka. "Wale hukasirika kila mwezi. Mimi nilifanya kosa hilo hilo wiki yangu ya kwanza, dada, kabla sijawa msimamizi. Walinirukia kama nyuki. Unajua nani alinitetea? Nenda kwenye kumbukumbu za Ukumbi, nakutumia njia ya kuingilia. Tafuta neno 'anajifunza'."

Binti alitafuta. Zilitoka barua thelathini na moja, za miaka kumi na miwili, zote za baba yake. Kila mara mgeni fulani alikosea akawaandikia watu wote, kila mara wakubwa wakamvamia, na kila mara ndani ya saa moja Mzee Bikoni akaingia kati: "Msimkaripie. Anajifunza. Ndugu mgeni, kiungo cha kutokea kiko chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mchwa. Hata mimi kilinitoroka mwaka mzima. Lakini kabla hujaondoka, tuambie, ulikwama wapi?" Na mgeni husema alikokwama, na husaidiwa, na mara nyingi haondoki tena.

Alizisoma zote. Kisha akafanya jambo ambalo hakumwambia hata msimamizi. Alitafuta jina lake mwenyewe. Halikuwapo. Akatafuta "binti yangu". Katika barua zote za baba, katika miaka yote hiyo, halikutokea hata mara moja. Alikaa akiitazama ile sifuri, akaifunga.

Kesho yake asubuhi alimwogesha baba, akamvalisha shati la vifungo vikubwa alivyombadilishia mwenyewe ili mkono wa kushoto uviweze, akapiga magoti mbele ya kiti chake.

"Baba, ile barua niliiandika mimi. Nilidhani inakwenda kwa mtu mmoja. Nilitaka kisanduku kipate nafasi. Na nilitaka wakuache kidogo, nikupate na mimi. Nimekosa, baba. Nisamehe."

Mzee aliinama kitini. Mkono wa kushoto ukapanda, ukampangusa shavu, si kwa ustadi sana, kidole kikaingia karibu na jicho. Wote wawili wakacheka.

Binti akamketisha mbele ya meza ya kazi, akamfungulia barua ya msimamizi. "Hii ukiijibu, unatoka. Ukiiacha, unabaki, na zitakuja mara moja kwa siku. Amua wewe. Halafu mimi nitawaandikia Ukumbi, niwaeleze kwamba kosa ni langu."

Binti akanyoosha mkono kwenye vibonye. Mzee akausukuma pembeni.

"Basi kesho?"

"Hapo," alisema mzee, na akausukuma tena, kwa nguvu.

Binti akadhani bado amekasirika, na ni haki yake. Akaenda dirishani, akaketi kwenye cherehani, akampa mgongo ili asimwone akifuta macho. Zilibaki sare tisa. Alishona. Nyuma yake alisikia kibonye kimoja, tik. Kimya. Tik nyingine. Kisha tik nyingi za haraka, ambazo alizitambua kuwa za kufuta, na mzee akakoroma kooni kama mtu aliyekosea kipimo. Ikaanza upya. Sasa yeye ndiye aliyekuwa kisogo, na baba ndiye anayekitazama. Mara mbili alitaka kugeuka amsaidie, mara mbili akajizuia. Alishona kola, akashona nyingine, jua likatoka mezani likahamia sakafuni. Chakula cha mchana kikapoa jikoni.

"Hapo!"

Ilikuwa sauti ya shambani, ile ya kufika ng'ambo ya bonde. Sindano ilimponyoka. Aligeuka, akamkuta mzee amelowa jasho kana kwamba amechimba shimo, kidole cha kushoto kimenyooka kwenye kioo. Barua ya msimamizi ilikuwa pale pale, haijajibiwa. Chini yake palikuwa na nyingine, ya Ukumbi, na ilikwisha kutumwa kwa watu wote mia nne na kumi na wawili. Haikuwa na nukta wala herufi kubwa.

"ile barua aliandika binti yangu msimkaripie anajifunza ananitunza vizuri mimi nabaki"

Binti alisoma. Akasoma tena, maana alikuwa mtoto wa baba yake.

Ting, ilisema kompyuta. Ting, ting. Hakuna aliyeiangalia. Mzee alikuwa anasogeza kidole juu ya kioo, anakipeleka kushoto, anakirudisha kulia kidogo, mpaka kikatua chini ya maneno mawili, binti yangu. Akamtazama kuona kama amepaona.

"Hapo," alisema.