Skrubu Isiyocheza

Msinicheke. Mimi Nyanjige ni mtoto wa Kisukuma, kucheza nakujua tangu tumboni. Kundi la ngoma la Bagika wanacheza, mahasimu wao Bagalu wanacheza, sisi tunajaa uwanjani kushangilia. Sasa mtu akiniambia nimchagulie skrubu isiyocheza, nielewe nini?

Mtu mwenyewe ni mume wangu, Josia. Alikuwa fundi mitambo kwenye kinu cha kuchambua pamba hapa Bariadi, mpaka soko huria lilipokuja, kinu kikafungwa, na Josia akaacha kupiga mluzi. Mtu aliyekuwa anapiga mluzi mpaka bafuni! Miaka ikapita, nyumba kimya. Siku moja akaona kwenye intaneti kafe ya Mwanza picha ya mashine ya kuchonga inayoendeshwa na kompyuta, mtu kaiunda mwenyewe nyumbani. Akarudi macho yanang'aa, akaanza kuunda yake. Wapi? Juu ya meza yangu ya chakula, jamani!

Nilifoka weee, halafu nikanyamaza, maana nilimwona ameanza kula vizuri.

Tatizo lilikuwa duara. Akiiambia mashine ichonge duara, inachonga yai. Akanieleza kwamba skrubu zinazosukuma kitanda cha mashine zimelegea kwenye nati zake, na dawa ni skrubu za gololi, zile ambazo nati yake imejaa gololi ndogo za chuma. Ya urefu alishaipata. Ilibaki ya upana.

"Mama Wema," akaniambia nikiwa nakwenda Mwanza kufuata vitenge, "pitia kwa wauza vyuma chakavu. Chagua isiyocheza. Hii ikishindikana, mashine naipeleka kwenye mizani ya chakavu, twende Mwanhuzi nikachunge ng'ombe wa kaka."

Alisema huku anacheka, lakini namjua. Niliogopa.

Kwa muuza vyuma nikaletewa mbili. Moja inang'aa, ukiinamisha tu nati inazunguka na kuteremka yenyewe.

"Chukua hii, mama, inateleza kama mlenda," akasema.

"Thubutu! Si inacheza ngoma mbele ya macho yangu hiyo?"

Nikachukua ya pili, nyeusi, nati imeng'ang'ania, hata uitukane haisogei.

Josia aliipokea kwa mikono miwili. Akajaribu kuzungusha nati. Akajaribu tena. Akaketi.

"Mama Wema, isiyocheza ni isiyolegea. Kama jino linavyocheza. Sikusema isiyozunguka."

"Si ungesema jino tangu mwanzo!"

Akaifunika mashine kwa shuka, na uso wake ukawa uleule wa siku kinu kilipofungwa. Moyo uliniuma, na mimi moyo ukiniuma hasira zinapanda: nilimkasirikia yeye, nikajikasirikia mwenyewe, nikakikasirikia na Kiswahili. Nikachukua sufuria yangu ya pilau, ile isiyoguswa mpaka Krismasi, nikaisimamisha skrubu humo, nikamimina mafuta ya taa mpaka nati ikazama.

Asubuhi mafuta yalikuwa tope tupu. Kumbe ilikuwa grisi ya zamani, imeganda kama ugali wa juzi! Josia akagusa nati, ikazunguka. Akaishika kwa vidole, akaivuta huku, akaisukuma kule, kama anapima jino la mtoto.

"Haichezi," akasema. "Nyanjige, haichezi hata kidogo! Ilikwama ikiwa bado mpya, haikupata nafasi ya kulika. Ile uliyonisimulia inateremka yenyewe huenda ilishalika zamani."

"Si nilikuambia najua kuchagua?" nikamjibu, na wala sikuwahi kumwambia.

Jumapili mama yangu alikuja kutoka Migato. Tukamwandalia uani, mkekani. Akala, akaangaza macho, akauliza meza ya watu imekwenda wapi.

"Nyamaza kidogo, mayu," nikamwambia. "Sikiliza."

Kule sebuleni Josia alikuwa anapiga mluzi.