Bahasha ya Yuliana

Jumanne, tarehe nane Oktoba mwaka 1974, saa nne asubuhi, ndipo mambo yalipoharibika. Hakuna aliyelia siku hiyo. Mke wangu Yuliana alitoka chumba cha tabibu anacheka, kadi ya kliniki mkono mmoja, akaniambia, "Baba Albano, leo nimekuwa mtu mkubwa. Naandikiwa barua."

Mimba ilikuwa ya tano, miezi minane. Miguu ilimvimba hata kandambili hazimwingii, na kichwa kilikuwa kinamgonga siku ya tatu. Shangazi yake wa Buguruni alisema ni mapacha tu hao. Mie nikakataa, nikampeleka zahanati. Naandika hivyo ijulikane sikulala.

Tabibu mwenyewe, Ansbert, alikuwa amemfunga mkononi ule mpira wa kupimia presha, akaujaza upepo, akatazama, akaujaza tena. Nilikuwa mlangoni, nilimwona alivyobadilika uso. Hakumwambia kitu. Aliandika Kiingereza chake haraka haraka, maana nje gari lilikuwa linamngoja kwenda kupokea wageni wa chama, na mtu yule hakuwa wa kukosa soda za wageni. Akaifunga bahasha ya kaki, akagonga muhuri palepale pa kufungulia.

"Nesi atawaeleza," akasema, akaenda zake.

Nesi Demetria alikuwa na foleni ya kina mama mpaka uani. Akachukua kadi, akaandika tarehe, akaichomeka bahasha ndani ya kadi.

"Baba, hii ni ya daktari kwa daktari. Inakwenda hospitali kubwa. Usiifungue."

"Tuipeleke lini?"

"Si kadi umeandikiwa? Haya, anayefuata!"

Nikasoma mwenyewe. Kisomo cha watu wazima nilikuwa nimeanza, tarehe zilikuwa hazinishindi. Ijumaa, 18.10.74. Siku kumi. Nikasema moyoni, kama serikali imetoa siku kumi, basi si jambo la kukimbilia.

Jioni akapita jirani yetu Adelard, mtu wa Bukoba, karani wa ofisi moja mjini. Alinikuta uani napiga msasa kinyago, akaiona bahasha.

"Fundi Kasiani, ifungue nikusomee. Kiingereza ndio ugali wangu."

"Huoni muhuri? Unataka nikafungwe?"

"Nani akufunge kwa barua ya mkeo?"

"Wewe karani, watakusikiliza. Mie mchonga vinyago wa Mtoni, nitamwambia nini mtu wa ofisini?"

Yuliana alikuwa kaweka miguu juu ya kinu kilicholazwa. Akacheka. "Gombaneni tu. Ila mmoja wenu mwishowe anifungulie, nijue nina nini."

Sikufungua. Mwaka uleule tulifukuzwa kiwanja chetu cha kuchongea kwa sababu karatasi yetu ya kibali ilikuwa na doa la mafuta. Karatasi chafu si karatasi, alisema bwana mmoja wa ofisi ya viwanja, mwenye kalamu mbili mfukoni. Basi hii nikaitia sandukuni, katikati ya kanga za Yuliana za Jumapili, isikunjike. Sijapata kutunza kitu vile maishani mwangu.

Tarehe kumi na sita, Jumatano, asubuhi, Yuliana alikuwa anachambua mchele. Akasema haoni vizuri. Nikamwambia ni jua. Mara ungo ukamtoka mkononi, akaanguka, mwili mzima unatikisika, povu mdomoni. Adelard alikuwa hajaenda kazini. Tulisimamisha lori lililokuwa limeshusha saruji ya kiwanda cha Wazo, tukamlaza juu ya mifuko mitupu, tukaenda naye hospitali mjini, bahasha nimeikumbatia kifuani, safi kabisa.

Daktari wa pale, kijana mpole, aliichana kwa kidole. Hivyo tu, kwa kidole. Akasoma, akanitazama.

"Mzee, hapa imeandikwa presha iko juu sana, aletwe leo hii hii, asirudi nyumbani. Ni ya tarehe nane. Mlikuwa mnangoja nini?"

Nikampa kadi. Akaitazama mbele na nyuma.

"Hii ni tarehe yake ya kliniki," akasema polepole. "Ya kupimwa kawaida. Haihusiani na barua."

Saa saba mchana Yuliana akafa, na mtoto tumboni.

Baada ya arobaini nikaenda zahanati. Ansbert hakuniambia hata nikae.

"Mie niliandika wazi, mzee. Kueleza ni kazi ya nesi."

Demetria alilia, lakini na yeye alisema lake. "Barua nililetewa imeshafungwa. Hakuniambia kitu, alikuwa anakimbilia gari. Tarehe ya siku kumi nawaandikia wote wenye miezi minane." Halafu wakafungua daftari lao kubwa, wakanionyesha mstari: Yuliana Kasiani, amepewa rufaa. Kwao kazi imekwisha hapo.

Nikalipeleka jambo hili mkutano wa tawi la chama. Katibu alinisikiliza amefumba macho, kama mtu anayesikiliza redio.

"Ndugu Kasiani, pole sana. Tumefuatilia. Tabibu amefuata utaratibu, nesi amefuata utaratibu. Na wewe tunakupongeza, hukuvunja muhuri."

Watu wazima wakaitikia kwa vichwa! Adelard akanishika shati kwa nyuma, maana alijua nataka kufanya nini.

"Kaa chini, ndugu," katibu akasema, "tuna ajenda ya maji."

Sikukaa. Nikawauliza, na miaka yote hii, kila katibu anayekuja namuuliza, na kila mmoja anaandika kwenye daftari lake kisha anahamishwa: siku ile ya tarehe nane, kati ya wote waliomshika mkono, nani alikuwa na kazi ya kumwambia Yuliana mwenyewe kwamba anakufa?