Miaka Miwili ya Profesa

Muuguzi yule alikuwa hatupi karatasi. Risiti ya pasi iliyoungua zamani, anayo. Kadi za kliniki za wanawe watatu, tangu chanjo ya kwanza, anazo. Mumewe, fundi friji, alikuwa akimcheka: "Mama Profesa, siku ukifa tutakosa pa kukulaza. Jeneza lote litajaa mafaili."

Profesa ndiye kifungua mimba wao. Usidhani jina hilo alilipata kwa akili. Alifeli mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na shule ya kurudia ilikuwa haitaki mtoto mkubwa. Baba yake akaenda kumtolea cheti kipya cha kuzaliwa, akamkata miaka miwili kama unavyokata kucha. Na nani hafanyi? Mtaa mzima umejaa watu waliozaliwa mara mbili. Mtoto akarudia, akafaulu, na wenzake wakambandika uprofesa kwa kulijua darasa lile kuliko mwalimu.

Miaka ikaenda. Hospitali moja ya ng'ambo ikamkubali mama, mkataba ukaja. Mke na mume wakafunga safari hadi kwa wakala, mwanamke mmoja mwenye ofisi juu ya duka la rangi. Watu wanamwita Dada Viza.

"Njia ziko mbili," Dada Viza akasema. "Ya kwanza, mama anapata kibali cha kazi, familia yote inapanda mgongoni kwake. Mnaondoka pamoja. Ila mtoto awe hajafika miaka kumi na minane. Ya pili ni kwa aliyevuka. Huyo anaomba peke yake, kama mwanafunzi. Inachukua mwaka, lakini inafika. Haya, kuna aliyevuka?"

Mama alijua. Uchungu wa siku mbili hausahauliki, wala mwaka wake. Profesa alikuwa na kumi na tisa.

"Hakuna," fundi akadakia. "Mkubwa ana kumi na saba. Cheti hiki hapa."

Mama akafungua mdomo, akaufunga. Alichotaka ni kitu kimoja tu, wote watano waingie mlango mmoja siku moja. Ukimuuliza hata leo atakwambia hakusema uongo. Alinyamaza tu.

Wiki mbili baadaye Dada Viza akapiga simu: ubalozi unataka ushahidi wa chanjo za watoto. Mama ndiyo kwanza ametoka zamu, miguu imevimba, lakini alifurahi kama aliyeitwa kupokea zawadi. Akavuta sanduku, akatoa kadi tatu, akazikagua moja moja. Surua ipo. Polio ipo. Pepopunda ipo. Muuguzi ukimpa kadi ataangalia chanjo, ndiyo kazi yake. Akazipeleka kwa mkono wake mwenyewe, na alivyorudi akamringia mumewe: "Cheka sasa! Nani mwingine ana kadi ya miaka yote hiyo?"

Juu kabisa ya kadi ya Profesa palikuwa na tarehe ya kuzaliwa. Ile ya kweli.

Majibu yalikuja baada ya miezi mitatu. Vibali vinne. Kwa Profesa ilikuwa barua: tarehe mbili za kuzaliwa, udanganyifu, haruhusiwi kuomba kwa njia yoyote kwa miaka kumi.

"Tukate rufaa," mama akasema.

"Rufaa ni mwaka na nusu, mama yangu," Dada Viza akajibu. "Mkataba wako unaanza baada ya wiki tano. Na ukikata, faili zima linafunguliwa upya, hata hao waliopita."

"Na ile njia ya mwanafunzi?"

"Ilikuwepo. Siku ile niliwauliza."

Nyumbani walikaa sebuleni, nusu ya vyombo imeshauzwa, wadogo wamekaa kwenye boksi.

"Miaka niliikata mimi," fundi akasema. "Nitabaki naye."

"Baba, acha ushujaa," Profesa akasema. "Mama akiwa zamu ya usiku, hawa wadogo watalindwa na nani? Friji?"

Wadogo wakacheka. Mama hakucheka.

"Basi hatuendi. Hakuna anayeenda."

"Kazi ulishaacha, Mama. Nyumba tumeshaiaga, mpangaji mpya anapiga simu kila siku. Mimi nitaenda kwa shangazi."

"Kwa shangazi yako kuna sofa tu."

"Sofa si kitanda kisicho na maringo?"

Mama akamtazama mwanawe, akauliza polepole, "Wewe ungekubali? Ungekaa hapa mwaka mzima, uje peke yako?"

"Ningekubali. Mwaka ni nini?" Profesa akachuna kamba ya boksi. "Ila hamkuniuliza. Mlienda wawili."

Fundi akainuka, akaenda kufunga bomba ambalo halikuwa linavuja.

Kesho yake mama alipanda ngazi za duka la rangi peke yake. Kuna fomu ya kusaini, kwamba mzazi amekubali kusafiri na kumwacha mtoto. Dada Viza akamwonyesha kwa ukucha: jina hapa, uhusiano hapa, umri wa anayebaki hapa.

Mama akashika kalamu, asiandike.

"Niandike upi?"

"Andika wa kweli. Kwenye hii hauna madhara tena."

Akaandika kumi na tisa, akasaini. Dada Viza akagonga muhuri, akaupuliza wino ukauke, akachungulia mlangoni, akamwita mteja anayefuata.